Kipimo, Kadirio, Utabiri na Makisio: Historia Fupi ya Kumbukumbu za Hali ya Hewa na Istilahi Zake

Utangulizi

Katika ofisi za Serikali, mashuleni na katika vyombo vya habari, neno utabiri limebebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Mvua iliyopimwa jana Mtwara, mvua inayotazamiwa kesho Tanga, na mvua ambayo kompyuta inakisia kwa Singida miaka 40 ijayo, zote hutiwa katika kapu hilo moja. Hata idara zenyewe zimepata kuitwa kwa jina hilo. Nchini Kenya mara nyingi magazeti huandika "Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa", kana kwamba kazi ya kupima haimo. Msomaji wa kawaida hana lawama, maana amepewa neno moja. Lakini mfasiri, mwalimu na mtumishi wa Serikali hawana budi kujua kwamba nyuma ya neno hilo mna vitu vinne tofauti, kila kimoja na asili yake, uzito wake na mipaka yake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kumbukumbu za hali ya hewa zilivyokusanywa na kupangwa katika Afrika Mashariki, na jinsi zilivyokuja kuunganishwa na hesabu za kompyuta zinazoangalia miaka ijayo. Hatukusudii kuandika historia kamili ya sayansi hiyo. Nia yetu ni kuonyesha kwamba kila hatua ya historia hiyo ilikuwa pia hatua ya kutaja majina, na kwamba pale jina lilipokosekana au lilipokosewa, tarakimu zilizokuwa sahihi zilipoteza maana yake.

Mwongo na Nairuzi

Kabla ya kipimamvua kufika, wenyeji wa pwani walikuwa na utaratibu wao wa kupanga habari za pepo na mvua. Mwaka wa jua ulianza Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, ambayo huko Makunduchi, Unguja, huadhimishwa hadi leo kwa Mwaka Kogwa katika mwezi wa Julai. Mwaka huo uligawanywa katika mafungu 36 ya siku kumi kumi, kila fungu likiitwa mwongo, na siku 5 zilizosalia zikakamilisha siku 365. Miezi mwandamo huzunguka misimu yote. Ramadhani yaweza kuangukia kaskazi au kusi. Kwa hiyo nahodha aliyetaka kujua lini atweke, na mkulima aliyetaka kujua lini apande, walihitaji hesabu nyingine, nayo ni hesabu ya miongo.

Hesabu hiyo ilikuwa na upungufu mmoja. Haikuwa na mwaka mrefu, yaani mwaka wa siku 366. Kwa sababu hiyo Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka 4, au yapata siku 24 kwa karne, kwa kulinganisha na kalenda ya kizungu. Yafaa msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa tutalikuta tena mahali asipolitazamia, ndani ya kompyuta.

Mgawanyo wa siku kumi kumi haukufa. Wataalamu wa hali ya hewa ya kilimo duniani hugawanya kila mwezi katika mafungu matatu, na nchini Tanzania taarifa za hali ya hewa kwa wakulima hutolewa kwa kipindi cha siku kumi. Jambo la kusikitisha ni kwamba tunaandika "kipindi cha siku kumi" ilhali lugha ina neno moja lililokwisha kufanya kazi hiyo kwa karne nyingi. Sababu yajulikana: mwongo siku hizi umekuwa miaka kumi. Tena baadhi ya watu huliogopa neno hili kwa kuwa limefanana na jina la asiyesema kweli, na mtabiri wa mvua hapendi kukaa karibu nalo. Lakini wingi wake huondoa shaka: waongo ni watu, miongo ni nyakati.

Idara na Kamati

Wakati wa utawala wa Wajerumani vipimamvua viliwekwa Dar es Salaam na katika baadhi ya misheni, mashamba na vituo vya serikali barani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walizikuta nchi nne chini ya mamlaka yao, kila moja ikipima kwa namna yake. Mwaka 1929 iliundwa idara moja ya hali ya hewa kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, makao yake makuu yakiwa Nairobi, chini ya Albert Walter, mtakwimu aliyetoka Mauritius.

Mwaka uliofuata, yaani 1930, iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi hizo hizo nne, kwa kusudi la kusanifisha Kiswahili. Wanahistoria wa lugha wanaikumbuka tarehe hii ya pili na kuisahau ile ya kwanza. Kwa hakika kazi hizo mbili zilifanana. Kamati ilitaka neno liandikwe namna moja Mombasa na Tabora. Idara ilitaka mvua ipimwe kwa chombo cha namna moja, kwa urefu mmoja kutoka ardhini na kwa saa moja, Mombasa na Tabora. Zote mbili zilijua kwamba vitu visivyosanifishwa haviwezi kulinganishwa.

Lakini Idara na Kamati hazikukutana. Vichwa vya safu katika madaftari ya vituo vilichapishwa kwa Kiingereza. Katika vituo vingi aliyekwenda kusoma chombo alikuwa mwalimu wa shule, karani wa shamba au katekista, ambaye alizungumza na majirani zake kuhusu masika, manyunyu na mawingu kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, kisha akaandika tarakimu chini ya maneno ya lugha nyingine. Kazi ya kupima ilifanywa na Waswahili bila Kiswahili. Hiyo ndiyo asili ya umaskini wa istilahi tulio nao katika uwanja huu: kwa kuwa upimaji haukuhitaji maneno yetu, na utabiri uliotangazwa redioni uliyahitaji, neno la utabiri likakua na maneno ya upimaji yakadumaa.

Daftari la Kituo

Ili kufahamu kilichopotea, hatuna budi kulifungua daftari la kituo na kutazama mambo manne.

La kwanza ni saa. Kwa kawaida mvua husomwa saa 3 asubuhi. Wakati huo ni 9:00 kwa saa rasmi ya Afrika Mashariki, na ni 06:00 kwa saa ya dunia inayotumiwa na watabiri wote. Wakati mmoja, basi, una tarakimu tatu: 3, 9 na 6. Tena siku ya daftari huanza saa 3 asubuhi hadi saa 3 asubuhi ya siku inayofuata, hali siku ya modeli za kompyuta huanza saa 6 usiku ya dunia, ambayo kwetu ni saa 9 usiku. Mvua ikinyesha alfajiri, yawezekana daftari likaihesabu siku ya jana na modeli ikaihesabu siku ya leo, bila ya yeyote kati yao kukosea.

La pili ni kizio. Madaftari ya wakati wa Waingereza yaliandikwa kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Panapoandikwa 1.50, huenda ikawa inchi moja na nusu, yaani milimita 38.1, mvua ya kufurika mitaro. Au huenda ikawa milimita moja na nusu, ambayo haitoshi kulaza vumbi. Tarakimu ni ile ile.

La tatu ni neno hakuna. Mpimaji akikuta chombo kikavu husema "hakuna". Asipofika kituoni kwa sababu ya ugonjwa au msiba, karani wa wilaya anayejumlisha mwezi naye husema "hakuna". Ya kwanza maana yake ni sifuri: chombo kilitazamwa, na mvua haikunyesha. Ya pili maana yake ni kwamba hatujui. Daftari likiacha nafasi tupu kwa zote mbili, atakayelisoma baada ya miaka 50 atafanya moja kati ya makosa mawili: ataigeuza siku isiyopimwa kuwa siku ya ukame, au ataigeuza siku ya ukame kuwa siku isiyojulikana. Kompyuta nazo zina desturi ya kuijaza nafasi hiyo kwa tarakimu isiyowezekana, kama vile -9999, ili ionekane kuwa ni alama na si kipimo. Karani asiyejulishwa akiingiza alama hiyo katika wastani, hupata mvua iliyo chini ya sifuri.

La nne ni mahali. Kituo kikihama kutoka bandarini hadi uwanja wa ndege, jina lake huendelea kuwa lile lile, lakini upepo, kivuli na joto vimebadilika. Anayechora mstari wa miaka 80 bila kujua habari ya uhamisho huo ataona tabianchi imebadilika ghafla mwaka ambao kilichobadilika ni uzio tu.

Mambo haya manne yanaitwa kwa jumla maelezo ya kipimo: nani, wapi, lini, kwa chombo gani na kwa kizio gani. Kipimo kisicho na maelezo yake ni kama barua isiyo na tarehe wala sahihi. Yaweza kuwa ya kweli, lakini haitumiki mbele ya hakimu.

Baada ya 1977

Idara ya pamoja ilidumu chini ya vyombo mbalimbali vya ushirikiano hadi ikawa sehemu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibidi kuunda idara yake. Kenya ilikuwa na makao makuu kwake Nairobi. Tanzania na Uganda zililazimika kujijengea makao mapya. Nchini Tanzania idara hiyo ikawa Wakala mwaka 1999, kisha ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa Sheria Na. 2 ya mwaka 2019. Jina hili ni la kusifiwa, kwa kuwa halikuiweka kazi ya utabiri mbele ya kazi ya kupima.

Katika miongo iliyofuata vituo vingi vya kujitolea vilififia. Vipimamvua viliibwa au vilivunjika, wapimaji wazee walistaafu, fedha zilipungua. Palipokosekana chombo ardhini, setilaiti ilianza kusaidia. Setilaiti haipimi mvua kama kipimamvua kinavyopima. Huangalia mawingu kutoka juu, na kutokana na ubaridi wa vilele vyake hukadiria kiasi cha mvua chini yake. Kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, Tanzania imekuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizounganisha vipimo vya vituo vyake na makadirio ya setilaiti, na kupata picha ya mvua ya nchi nzima kuanzia mwaka 1983, ikiwa imegawanywa katika miraba yenye upana wa kilomita 4 hivi.

Hapa pana kitu kipya kinachodai jina lake. Tarakimu ya mraba ulioko porini, mahali ambapo hapakuwa na kituo, si kipimo. Wala si utabiri, maana inahusu siku iliyokwisha kupita. Lugha ina neno lake: kukadiria ni kutaja kiasi cha kitu kilichopo au kilichokuwapo bila ya kukipima. Hilo ni kadirio.

Kutoka Kituo hadi Mraba

Modeli za tabianchi za dunia ni hesabu kubwa za mwendo wa hewa, maji na joto zinazofanywa kwa kompyuta. Ili hesabu iwezekane, dunia yote hugawanywa katika miraba, na kila mraba hupewa tarakimu moja ya mvua na moja ya joto kwa kila wakati. Katika modeli nyingi upande wa mraba huo ni kilomita 100 au 200.

Tuutazame mraba huo katika nchi tunayoijua. Upande wa kusini wa mlima Kilimanjaro kuna misitu inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka; nyanda za chini, mwendo wa saa chache tu, hazifikii nusu ya hizo. Vyote viwili, pamoja na kilele cha Kibo chenye mita 5,895, vyaweza kuingia katika mraba mmoja wenye tarakimu moja. Ama Unguja, ardhi yake haijazi hata moja ya tano ya mraba wa kilomita 100 kwa 100. Kwa modeli kama hiyo kisiwa kizima karibu ni bahari.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutafuta njia ya kuyatoa makisio kwenye mraba mkubwa na kuyafikisha mahali panapokaa watu. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuweka modeli ndogo ya eneo ndani ya modeli ya dunia. Mwaka 2009 Mpango wa Dunia wa Utafiti wa Tabianchi ulianzisha mradi uitwao CORDEX kwa kazi hiyo, na Afrika ikachaguliwa kuwa eneo la kwanza kutiliwa mkazo, kwa miraba ya kilomita 50 hivi. Baadaye ikaja miraba ya kilomita 25. Njia ya pili ni ya takwimu: kutafuta uhusiano kati ya vipimo vya kituo na tarakimu za modeli kwa miaka iliyopita, kisha kuutumia uhusiano huo kwa miaka ijayo.

Mfano wa kubuni utatuonyesha njia hiyo ya pili katika sura yake nyepesi. Tuseme kituo kimepima wastani wa nyuzi 24. Kwa miaka ile ile modeli inasema nyuzi 22, na kwa miaka ijayo inasema 23.8. Asiyejua ataandika kwamba joto litashuka kutoka 24 hadi 23.8. Anayejua atalinganisha modeli na modeli yenyewe, apate ongezeko la nyuzi 1.8, kisha ataliongeza juu ya kipimo cha kituo, apate 25.8. Ni dhahiri, basi, kwamba makisio ya mahali hayawezi kupatikana bila vipimo vya mahali. Daftari la yule katekista, lililoandikwa kwa kalamu ya wino zaidi ya nusu karne iliyopita, ndilo linaloirekebisha kompyuta. Pengo lililosomwa kuwa sifuri katika daftari hilo huvuka hadi mwaka 2050.

Majina Sanifu ya Kimataifa

Tarakimu za modeli zilipokuwa nyingi, wanasayansi walikumbana na tatizo ambalo wasomaji wa jarida hili wanalijua vizuri. Kila kituo cha utafiti kilikuwa na majina yake. Wengine waliita mvua kwa herufi mbili, wengine kwa tarakimu ya msimbo. Wengine waliihesabu kwa siku, wengine kwa sekunde. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kituo cha Unidata, huko Boulder katika jimbo la Colorado, Marekani, kilibuni aina ya faili iitwayo netCDF, inayobeba tarakimu pamoja na maelezo yake ndani ya bahasha moja. Lakini bahasha pekee haikutosha. Palihitajika makubaliano ya maneno. Mwaka 2003 lilitolewa toleo la kwanza la utaratibu ujulikanao kwa herufi CF, wenye orodha ya majina sanifu.

Utaratibu huo ni kamati ya istilahi kwa kila hali, isipokuwa jina. Mtu hupendekeza istilahi, wenzake huijadili hadharani, huandikiwa fasili, hupewa kizio chake, kisha huingizwa katika orodha. Jina likibadilishwa, la zamani halifutwi, bali huwekwa pembeni ili faili za kale ziendelee kusomeka. Kadhalika, jina la faili la CORDEX hutaja kwa mpangilio maalumu kinachohesabiwa, eneo, modeli ya dunia iliyotumika, hali iliyodhaniwa na modeli ya eneo, mithili ya jina la mtu linalotaja baba na babu, ili nasaba isipotee.

Usanifu huo una mambo yanayomshangaza mgeni. Mvua ya modeli huandikwa kwa kilo kwa mita ya mraba kwa sekunde. Kilo moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni kina cha milimita moja, na siku ina sekunde 86,400. Hivyo tarakimu ndogo kama 0.0001 ni milimita 8.64 kwa siku, mvua ya kutosha kabisa. Afisa asiyeambiwa kizio angetangaza janga la njaa. Joto nalo huandikwa kwa kizio cha Kelvin, ambamo 300 ni nyuzi 26.85 za Selsiasi.

Tena katika orodha hiyo, mahali pa kutaja kalenda, tunakutana na rafiki yetu wa zamani. Modeli nyingi zina mwaka wa siku 365 usio na mwaka mrefu, sawasawa na mwaka wa Nairuzi. Nyingine zina mwaka wa siku 360, miezi yote ikiwa na siku 30, hata Februari. Msomi wa leo anayezistaajabia tarehe 30 Februari angefaa kukumbuka kwamba nahodha wa pwani alifanya hesabu yake kwa miongo 36, na alifika alikokwenda, kwa kuwa alijua kalenda yake inatofautiana vipi na ya wengine. Kosa halimo katika kuwa na kalenda yako. Limo katika kuchanganya mbili bila kusema.

Viambishi vya Wakati

Tumeona vitu vitatu: kipimo, kadirio na makisio. Cha nne ni utabiri wenyewe. Namna iliyo rahisi ya kuvitenganisha imo katika sarufi yetu, na mwalimu anaweza kuifundisha kwa dakika chache.

Kipimo ni kazi ya -li-: mvua ilinyesha, milimita 12, kituo fulani, siku fulani. Kadirio nalo ni la -li-, lakini lenye kuomba radhi: yamkini ilinyesha milimita 12. Utabiri ni kazi ya -ta-: kwa kuangalia hewa ilivyo leo, mvua itanyesha kesho, au msimu utakuwa juu ya wastani. Makisio ni kazi ya -ki-: gesijoto zikiendelea kuongezeka kwa kiasi hiki, mvua itakuwa hivi, zikipunguzwa, itakuwa vile. Makisio hayasemi ni lipi kati ya hayo litatokea, maana hilo hutegemea watu na serikali zao. Sharti likiondolewa katika sentensi, makisio hugeuka utabiri, na mwanasayansi amesingiziwa neno ambalo hakulisema.

Mchezo huu wa viambishi una uzito nje ya darasa. Tangu miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, vipimo vya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki vilionyesha mvua za Machi hadi Mei zikipungua. Modeli nyingi za dunia, kwa upande wake, zinaonyesha mvua hizo zikiongezeka katika karne hii. Wanasayansi wamelifanya jambo hili kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki, na wametoa maelezo mbalimbali. Sasa tufikirie waraka unaopelekwa wilayani ukisema tu "mvua za Masika zinapungua", na mwingine ukisema tu "mvua za Masika zitaongezeka". Mkurugenzi atafanya nini? Mmoja unamwelekeza kwenye mbegu zinazostahimili ukame, mwingine kwenye makalvati mapana. Huenda nyaraka zote mbili ni za kweli. Moja ni kipimo na nyingine ni makisio. Lakini kama lugha haikuzitenga, ataziona zinapingana, atazitupa zote mbili na kufanya kama alivyofanya mwaka jana.

Pana maneno mengine mawili ya kuangaliwa. Neno wastani katika mazungumzo maana yake ni "kiasi, si nyingi wala si kidogo". Katika taarifa za hali ya hewa maana yake ni wastani wa mahali penyewe kwa miaka 30, ambayo kwa sasa ni 1991 hadi 2020. Bukoba hupata kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na Dodoma chini ya 700. Mvua za wastani Dodoma zingekuwa ukame mkali Bukoba. Neno Masika nalo hutumiwa kufasiri "Machi hadi Mei". Lakini Machi hadi Mei ni kipande cha kalenda, kina mwanzo na mwisho uliokwisha kuandikwa. Masika huanza yanapoanza. Zaidi ya hayo, mikoa ya msimu mmoja kama vile Dodoma, Mbeya na Ruvuma hupata mvua zake kuanzia Novemba hadi Aprili, na kuigawanyia Masika na Vuli ni kuipa tabianchi ya Tanga.

Mapendekezo

Kutokana na yaliyoelezwa, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe na wafasiri na walimu:

1. Kipimo: kiasi kilichosomwa kwenye chombo, mahali na wakati uliotajwa. Kitolewe daima pamoja na maelezo yake.

2. Pengo: nafasi ya kipimo kisichofanyika. Itengwe na sifuri, na neno "hakuna" lisitumike kwa lolote kati ya hayo mawili katika madaftari.

3. Kadirio: kiasi cha hali iliyokwisha kuwapo, kilichopatikana bila chombo cha mahali hapo, kama kwa setilaiti. Watumishi watakumbuka Makadirio ya Mapato na Matumizi. Lakini hayo ni jina la waraka, na hayazuii neno kufanya kazi yake ya asili.

4. Utabiri: maelezo ya hali inayotazamiwa kutokana na hali ya sasa, kwa siku au msimu ujao.

5. Makisio: maelezo ya hali ya miaka ijayo yanayotegemea sharti. Sharti litajwe katika sentensi ile ile, si katika ukurasa mwingine.

6. Makisio ya mahali: makisio yaliyotolewa kwenye mraba mkubwa na kufikishwa mahali padogo kwa modeli ya eneo au kwa takwimu. Tendo lenyewe liitwe kusogeza makisio mahali. Wanaosema "kushusha kipimo" wanamfanya msomaji adhani kwamba tarakimu zimepunguzwa, au kwamba kilichoshushwa ni kipimo, na yote mawili si kweli.

7. Mwongo wa siku: kipindi cha siku kumi, ili kukitenga na mwongo wa miaka. Itajwe kama unahesabiwa tangu mwanzo wa mwezi au tangu Nairuzi.

Istilahi hizi hazitaleta mvua wala kuizuia. Zitamwezesha mtendaji wa kata anayepokea tarakimu kutoka Dar es Salaam kuuliza swali moja ambalo leo hana maneno ya kuliuliza: je, hii ilipimwa, ilikadiriwa, inatabiriwa, au inakisiwa, na kwa sharti gani? Mjadala wa mapendekezo haya uanzie kwenye taarifa zinazofasiriwa sasa hivi. Kila mfasiri aitazame taarifa iliyo mezani kwake, na kila penye -ta- aulize kama hapakustahili -ki-.